Kufuli la Shemeji

Wiki jana niliishia getini, mlinzi wa nyumba ya matibabu akinirudishia simu yangu ndani ya bahasha ya kaki. Kwa wewe uliyekosa, nitakukumbusha kwa ufupi, maana aibu hii nikiirudia yote nitalia tena mbele yako.

Mimi ni fundi wa lifti. Nina mke na binti mmoja wa miaka sita tunayemwita Kipepeo. Simu ilininyang'anya usingizi, nikaanza kumeza vidonge vya kulala ili niupate, kisha nikameza vidonge vya kuamka ili niwahi kazini. Mke wangu alivumilia mpaka siku aliponikuta nimelala sakafuni chooni, simu bado inacheza video mkononi. Akachukua mtoto, akaenda kwa mama yake. Kaka yake, yaani shemeji yangu, ndiye aliyenibeba kunipeleka kutibiwa.

Siku tisini nilikaa mle. Walinipima damu, wakanipima mkojo, wakaniuliza hadi marehemu babu alikuwa anakunywa nini. Hakuna aliyeniuliza kuhusu simu. Ilikaa stoo siku zote hizo, na siku ya kutoka nikarudishiwa pamoja na mkanda wa suruali.

Kabla sijafika kituo cha basi nilikuwa nimeshaiwasha.

Wengi mmeniandikia mkiuliza kama mke wangu alirudi. Leo mtapata jibu. Naomba tu msinitukane kabla hamjamaliza kusoma.

Sharti la mke wangu lilikuwa moja. Alinipa kwa simu, sauti kavu kama ya karani.

"Wewe sikuamini tena. Namwamini kaka. Siku kaka akiniambia, mdogo wangu, rudi, mumeo amepona, nitarudi. Lakini neno litoke kinywani kwake, si kwako."

"Na kama hatasema?"

"Basi tutazoea."

Kwa hiyo ndoa yangu ilihamia mdomoni kwa shemeji, na shemeji si mtu wa maneno. Ni pande la mtu, goti bovu, njiti ya kiberiti kwenye kona ya mdomo, miaka ishirini kwenye lifti. Alikwenda kwa bosi wetu akaniombea nirudishwe kazini. Bosi alipokunja uso, shemeji alimwambia, "Akiharibu, nifukuze mimi."

Baadaye akanigeukia. "Shemeji, sikiliza. Saa za kazi simu yako inalala kwenye kisanduku changu cha vifaa, ufunguo nakaa nao mimi. Tumeelewana?"

"Tumeelewana. Ila saa saba mchana, nakuomba. Dakika kumi tu."

"Za nini?"

Nikamweleza habari za kundi letu.

Lilikuwa kundi la mtandaoni, Wanaume Tumeamka. Wanaume zaidi ya elfu mbili, kila mmoja anapambana na chake: huyu pombe, yule vidonge, mwingine unga. Kila siku unaandika umefikisha siku ya ngapi bila kugusa, wenzako wanakupigia makofi. Mimi niliingia siku ileile niliyotoka kwenye matibabu, na kwa kuwa Mungu alininyima mengi lakini hakuninyima mdomo, wiki ya pili nilikuwa naongea laivu kila saa saba mchana. Wiki ya tatu wakaanza kuniita Kamanda.

Shemeji alitafuna njiti yake, akafikiri.

"Hiyo ni dawa yako," akasema. "Dakika kumi nakupa."

Hata yeye hakujua kuwa dawa hiyo ndiyo ugonjwa wenyewe. Mimi nilijua, nikanyamaza.

Maana dakika kumi zilikuwa za laivu tu. Bado kulikuwa na watu wa kujibu. Mtu anakuandikia, "Kamanda, kama si wewe ningeshakufa." Utalala vipi hujamjibu? Ukimjibu anakuletea moyo mwekundu. Unasubiri mwingine. Unaweka simu chini, mkono unaifuata wenyewe. Nikaanza kwenda kazini macho mekundu, kichwa kizito, nikiwahubiria watu usafi huku nimesinzia nikiwa nimesimama.

Mtu mmoja tu kwenye kundi lile alikuwa ananikera. Alijiita Fundi Bomba. Kila siku swali lilelile, mbele ya watu wote: "Kamanda, jana umelala saa ngapi?"

Siku moja nikamjibu laivu, "Fundi Bomba, ndugu yangu, shughulika na mabomba yako." Watu wakacheka, mioyo ikamiminika.  Kesho yake Fundi Bomba akauliza tena.

Na kulikuwa na mwingine, aliyejiita Msafi. Huyu aliniandikia faragha, maneno laini kama mafuta ya mtoto.

"Kamanda, sauti yako imechoka. Ukianguka wewe, tumeanguka wote. Mimi nauza dawa. Nusu kidonge cha kulala si kurudi nyuma, ni matengenezo. Hata gari linazimwa."

Nikambloku. Baada ya saa moja nikamfungulia.

Hiyo ilikuwa siku yangu ya mia na kumi na mbili. Vidonge vililetwa ndani ya pakiti ya chaji ya simu. Nikameza nusu, nikalala kama maiti, na saa saba mchana nikasimama mbele ya simu nikasema, "Ndugu zangu, siku ya mia na kumi na tatu!"

Makofi yalinichoma. Nilikwenda nikainama kwenye sinki la jengo tulilokuwa tunafanyia kazi, nikajiapia, leo mwisho. Lakini aibu nayo inataka kutulizwa, na mimi nilikuwa najua dawa moja tu ya kuituliza. Baada ya siku tatu ile nusu ya kulala ikawa inadai nusu ya kuamka. Msafi alikuwa nazo zote mbili.

Ndivyo nilivyofika siku ya mia na thelathini na moja. Alhamisi.

Asubuhi ya Alhamisi hiyo shemeji alikuwa na furaha, na shemeji akiwa na furaha humuoni akicheka, unaona tu njiti inahama upande.

"Jumamosi nakwenda kwa mama," akaniambia ndani ya gari la kazi. "Nitamwambia mdogo wangu afungashe."

"Nani?"

"Mkeo, wewe! Kipepeo amefundishwa shuleni kuchora familia. Amechora watu watatu na lifti."

Nikageuka dirishani ili asione machozi. Siku hiyo nilimeza nusu ya kuamka saa kumi na mbili asubuhi na nusu ya kutuliza saa tatu. Moyo wangu ulikuwa unakwenda mbio na kichwa changu kinatembea.

Jengo lilikuwa la ghorofa kumi na moja, la makazi. Msimamizi wake ni mzee mmoja mwembamba wa kofia ya sufi. Wapangaji wanamwita Mzee Funguo kwa sababu anatembea na shada la funguo kiunoni, unamsikia kabla hujamwona. Mtu mpole. Alitukaribisha chai.

Sasa nikuelezee kitu kimoja cha kazi yetu, ukishakielewa hicho umeelewa msiba wote.

Fundi akiingia kwenye shimo la lifti, pale chini kabisa, anazima kwanza swichi kuu kule juu, kwenye chumba cha mashine. Kisha anaitia kufuli ili mtu asiiwashe. Kila fundi ana kufuli lake, na ufunguo wake anakaa nao mfukoni. Kufuli la mtu haliguswi na mwingine, hata awe bosi. Na swichi ikikutwa imezimwa haina kufuli, maana yake mafundi wamemaliza.

Siku hiyo kazi ilikuwa kubadilisha swichi ya dharura ya shimoni, ile ambayo fundi aliye chini huibonyeza lifti ikimjia. Ilikuwa imekufa. Shemeji alikuwa ashuke shimoni, mimi nipande juu. Akatazama ngazi za ghorofa kumi na moja, akalishika goti lake.

Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya miaka ishirini. Akatoa kufuli lake, limefunguliwa, akaniwekea mkononi.

"Nifungie na langu. Ufunguo ninao mimi."

"Shemeji, si unasema kila mtu lake?"

"Wewe na mimi sasa mtu mmoja." Akafungua kisanduku cha vifaa. "Chukua na simu yako kabisa. Saa saba itakukuta hukohuko."

Nikapanda. Makufuli mawili mfuko wa ovaroli, simu mkononi, redio ya mawasiliano kiunoni. Nilipofika chumba cha mashine nilikuwa nahema kama mbwa. Zilibaki dakika mbili kufika saa saba.

Nikazima swichi. Nikatoa kufuli, nikalisukuma kwenye tundu lake, likagoma. Waliopaka rangi kabati lile la umeme walikuwa wameziba tundu. Ilihitaji bisibisi, ukwangue rangi ile kidogo, basi.

Simu ikatetemeka. Watu walikuwa wameshaanza kuingia. Mia tatu. Mia tano.

Redio ikaita. "Shemeji, tayari?"

Nilitazama tundu. Nilitazama simu. Nikajiambia, swichi si imezimwa? Nitaongea dakika kumi, kisha nitakwangua nifunge.

"Tayari, shemeji," nikasema.

"Naingia."

Nikaenda laivu.

Sijawahi kuongea vizuri kama siku ile. Niliwaambia kuhusu mchoro wa Kipepeo. Niliwaambia Jumamosi mke wangu anarudi. Wanaume wazima waliandika kwamba wanalia. Dakika kumi zikawa ishirini. Fundi Bomba akauliza swali lake, nikalipita kama sikuliona. Nikawaaga, wakaondoka mmojammoja, lakini sikuifunga laivu papo hapo, nilitaka kuona mioyo ya mwisho ikipanda kwenye kioo. Kisha nikaitumbukiza simu mfuko wa kifuani, nikaanza kushuka ngazi huku napiga mluzi.

Nilipishana na Mzee Funguo ghorofa ya kumi, anapanda, anahema, funguo zinalia. "Wapangaji wananimaliza, fundi," akasema. "Pole, mzee," nikasema, nikampita. Hata sikumuuliza anakwenda wapi.

Nilikuwa nimefika ghorofa ya saba niliposikia.

Kule juu kitu kiligonga, koh. Halafu mota ikaanza kuunguruma.

Nilitia mkono mfukoni. Makufuli yalikuwamo. Yote mawili.

Lifti ya kisasa ikirudishiwa umeme haingoji mtu abonyeze. Inashuka yenyewe hadi chini kabisa kutafuta hesabu zake, ijue upya iko ghorofa ya ngapi. Na chini kabisa alikuwapo shemeji. Mlango wa chini alikuwa ameurudishia ili watoto wa wapangaji wasichungulie shimoni, na nyaya za ile swichi ya dharura alikuwa ameziunganisha kwa muda ili apime. Hapakuwa na kitu chochote cha kuisimamisha lifti ile isipokuwa kufuli.

Redio ikapiga kelele kiunoni mwangu. "Zima! Shemeji, zima! Zima!"

Kisha ikaja sauti ambayo sitaiandika gazetini.

Nilikimbia kurudi juu. Sijui nilipandaje. Mzee Funguo alikuwa amesimama mbele ya kabati, anatabasamu.

"Fundi, mlisahau kuwasha. Nimewasaidia."

Nilimsukuma, nikaivuta swichi. "Mtu yuko shimoni, mzee! Shuka! Ita watu!"

Alishika kichwa kwa mikono miwili.  Alishuka ngazi zile na uzee wake, funguo zinamlilia kiunoni.

Mimi nikabaki. Nikatoa bisibisi, nikakwangua ile rangi, nikafunga kufuli langu, nikafunga na la shemeji. Nusu ya sababu ilikuwa usalama, umeme usirudi tena. Nusu nyingine nakuachia wewe msomaji.

Sekunde thelathini. Ndizo zilizokuwa zinahitajika tangu mwanzo.

Walimtoa shemeji akiwa hai. Alikuwa amejibana kwenye kona, mwili mzima ukapona, mguu wa kushoto haukuwahi. Nilipopiga magoti pembeni ya machela alifungua macho.

"Shemeji. Ulifunga?"

Hapo, ndugu msomaji, ndipo nilipopewa nafasi. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa anatusikiliza. Ningesema neno moja tu.

"Nilifunga," nikasema.

Akafumba macho. "Nilijua."

Mhandisi kutoka ofisini alifika pamoja na polisi. Walipanda juu, wakakuta makufuli mawili yamefungwa barabara. Ufunguo mmoja mfukoni kwangu, mwingine mfukoni kwa majeruhi. Mzee Funguo alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha plastiki.

"Nimekuta wazi," alikuwa anarudia. "Wallahi nimekuta wazi. Ningewashaje kama imefungwa?"

Mhandisi alilitazama lile shada la funguo kiunoni. "Mzee, una funguo ngapi hapo?"

"Sijui, mwanangu. Nyingine nilizikuta."

"Hujui." Akanigeukia. "Fundi, uliyafunga kabla majeruhi hajaingia?"

"Ndiyo. Na nilipoizima tena nikayarudishia."

"Inawezekana ana ufunguo unaoingia makufuli haya?"

Sikusema ndiyo. Nilitikisa kichwa tu kwa masikitiko, kama mtu asiyetaka kumsema vibaya mzee. Walimpandisha garini na kofia yake ya sufi mkononi.

Jioni, hospitalini, kabla hawajamwingiza shemeji chumba cha upasuaji, aliomba simu. Nilimshikia mimi mwenyewe sikioni. 

"Mdogo wangu," akasema, taratibu, maana dawa zilikuwa zimeanza kumvuta. "Rudi nyumbani. Usingoje Jumamosi. Mumeo amepona. Asingekimbia kuzima ile swichi, leo ungekuwa unanizika."

Nilitoka nje ya wodi, nikaenda ukutani, nikameza kidonge kizima.

Mke wangu alifika kesho yake saa nne asubuhi. Nilikuwa nimefagia, nimetandika, nimechemsha chai. Kipepeo aliingia wa kwanza, akanikumbatia mguu, akavua viatu vyake vidogo vyekundu, akavipanga mlangoni kama alivyokuwa akifanya zamani. Halafu akakimbilia chumbani kuona kama mwanasesere wake bado yupo.

Mke wangu aliketi. Alikuwa na begi moja dogo. Viatu hakuvua.

"Nimepitia hospitali," akasema.

"Anaendeleaje?"

"Wameukata. Juu ya goti."

Nilifunika uso. Aliniacha nilie. Hakunigusa.

"Kwenye benchi nje ya wodi nimemkuta mama mmoja," akaendelea. "Mke wa yule mzee wa funguo. Amekuja tangu alfajiri kumwomba kaka msamaha kwa niaba ya mumewe. Anasema mumewe hajawahi kuiba hata kijiko, lakini kama amekosa, amsamehe. Amekaa na kikapu cha matunda mapajani, anaogopa kuingia."

"Masikini," nikasema.

"Ee. Masikini." Akanitazama. "Baba Kipepeo, jana umelala saa ngapi?"

Nikacheka kidogo, kwa mazoea. "Mbona unaniuliza kama yule..."

Sikumaliza. Nikakiweka kikombe changu mezani.

"Kama nani?" akasema. "Kama Fundi Bomba?"

Alitoa simu yake, akaiweka mezani.

"Nimo kwenye kundi lako tangu wiki ya kwanza. Nilitafuta jina la kiume nikaliokota hilohilo, bomba la jikoni kwa mama lilikuwa linavuja. Nilitaka kukuona ukipona, sikutaka kungoja kuhadithiwa. Kila saa saba nakaa chumbani kwa mama, naziba masikio ya Kipepeo kwa katuni, nakuangalia wewe."

"Mke wangu..."

"Nisikilize. Macho yako nayajua. Wiki tatu sasa nayaona macho yale ya chooni. Nikasema labda ni uchovu, nimuulize, anijibu. Ukanifanya kichekesho mbele za watu." Akaisogeza simu yake karibu yangu. "Jana uliwaaga wenzio, wote wakatoka. Hukuzima. Uliiweka simu mfukoni, kamera ikiwa nje. Chini pale panaandikwa watazamaji wangapi, unajua?"

Nilijua.

"Palikuwa pameandikwa mmoja," akasema. "Nimeona ngazi. Nimesikia kaka akiita. Nimeona yule mzee anatabasamu, nimeona anakimbia. Kisha nimeona mikono yako inakwangua rangi. Halafu klik. Halafu klik."

Chumbani Kipepeo alikuwa anamwimbia mwanasesere.

Nilipiga magoti. Nilisema yote niliyoyajua, Mungu wangu, nisamehe, nipige, nitakufa. Alisubiri nimalize.

"Kaka hajui," akasema. "Polisi hawajui. Sijamwambia mtu. Nimekuja na begi langu, unaliona. Chukua simu yako. Mpigie kaka sasa hivi, amezinduka, nesi atampa. Mwambie wewe mwenyewe, mbele yangu. Kisha twende wote kituoni tukamtoe yule mzee. Ukifanya hivyo nabaki. Wakikufunga, nitakuletea nguo na sabuni kila wiki, na Kipepeo atajua baba yake yuko wapi na kwa nini. Hilo naliweza. Ila hili la kukuangalia unatazamwa, siliwezi tena."

"Nampigia," nikasema, na nilimaanisha. Naapa kwa uhai wa mwanangu nilimaanisha. "Simu iko kwenye chaji chumba cha uani. Naileta."

"Nakungoja."

Niliingia chumba cha uani. Mkono ulikuwa unanitetemeka, namba zingenishinda, nikasema nusu moja tu ya kutuliza mkono. Nikameza bila maji. Nikachomoa simu.

Ilikuwa na ujumbe mia mbili na kumi na nne.

*Kamanda upo? Kamanda jana ulituliza machozi. Kamanda leo siku ya ngapi?* Niliupitisha kwa kidole nikitafuta namba ya shemeji. Kisha nikaona mmoja umeandikwa, *Kamanda nina chupa mkononi na mke wangu ameondoka nijibu.*

Huyu anaweza kufa, nikasema. Huyu mmoja tu.

Nikakaa kitandani, nikamjibu. Akajibu. Nikamjibu. Alinishukuru, akalia, akaniletea moyo. Juu yake palikuwa na mwingine. Msafi naye aliuliza kama mzigo umeisha. Mtu akaandika, *Kamanda akisema siku yake hapa, mimi nitamwaga chupa hii.* Nikaandika, *Siku ya mia na thelathini na mbili.* Mioyo ikaanza kupanda, mmoja, kumi, hamsini, nikawa naitazama inavyopanda.

Nilipoinua kichwa, nyumba ilikuwa kimya.

"Mama Kipepeo?"

Nilitoka sebuleni. Chai yake ilikuwa palepale, imeota utando juu. Saa ya ukutani ilionyesha saa tano na nusu. Mimi ningekuapia kuwa nilikaa mle chumbani dakika tano.

Nilikimbilia mlangoni. Ulikuwa umerudishiwa taratibu, kama mtu anayetoka kwa mgonjwa. Viatu vyekundu havikuwapo.

Na simu, ambayo bado nilikuwa nimeishika, ikaanza kuita. Alikuwa shemeji.